Pikipiki Kuukuu na Historia ya Beringi

Wazee wetu walisema: ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu asimamaye ufukoni hulitazama jahazi likikata maji, akastaajabia tanga na mlingoti. Ni mara chache afikiripo juu ya msumari mmoja uliokomewa ubaoni na fundi ambaye jina lake halikuandikwa popote. Hivyo ndivyo tulivyo sote mbele ya mitambo. Twatazama rangi, taa na mwendo, wala hatukioni kitu kidogo kinachobeba vyote hivyo. Katika insha hii nataka tutazame pamoja, wewe msomaji na mimi, kitu kimoja kinachokaa gizani ndani ya gurudumu, kisichokumbukwa mpaka siku kinapoanza kulia. Kitu hicho huitwa beringi.

Fikiri kwamba mjomba wako amekuachia pikipiki kuukuu. Rangi yake imechakaa na kiti chake kimeshonwa mara mbili, lakini bado yafanya kazi: asubuhi hupeleka maziwa, na jioni huwarudisha watu makwao. Siku moja gurudumu la mbele laanza kutoa mlio kama wa kokoto zinazosagwa. Walishika kwa mikono miwili, walitikisa, nalo linayumba. Fundi analifungua, anatoa pete ya chuma yenye gololi ndani yake, anaizungusha kwa kidole, nayo inakwaruza.

"Hii imekwisha, kijana wangu," asema. "Tafuta nyingine. Wala usiiendeshe kabla ya kuipata, maana gurudumu likikwama njiani halitakuuliza ulikuwa ukienda wapi."

Wamwendea mfanyabiashara anayeuza pikipiki za jina lile lile. Anatikisa kichwa. Mfano huo, asema, uliacha kutengenezwa zamani. Vipuri vyake sharti viagizwe, vitakawia, na bei anayoitaja yashinda fedha zote ulizo nazo. Kisha anakuonyesha pikipiki mpya inayong'aa mlangoni. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Lakini hata hicho kinyemi huna fedha za kukinunua. Warudi kwa fundi mikono mitupu.

Fundi haoni ajabu. Anaichukua ile beringi iliyokwisha, anaipangusa grisi kwa kitambaa, anaielekeza kwenye mwanga wa jua, na kukusomea tarakimu nne zilizochorwa ukingoni mwake: 6302. "Wewe ulikwenda kuuliza pikipiki," akuambia, "hukuuliza beringi. Rudi mjini, ingia katika duka la beringi, wala usitaje pikipiki. Taja namba hii."

Wafanya hivyo. Mwenye duka hakuulizi jina la chombo chako, wala umri wake, wala nchi kilikotoka. Anapanda ngazi, anashusha kisanduku kidogo, na unalipa kwa fedha zilizomo mfukoni mwako. Jioni ile pikipiki ya mjomba inatembea tena, na gurudumu halina sauti.

Sasa tujiulize, msomaji. Imekuwaje pete iliyotengenezwa katika nchi ya mbali, na watu ambao hawakuiona kamwe pikipiki ya mjomba wako, ikaingia mahali pake pasipo kupwaya wala kubana kupita kiasi? Na kwa nini namba ilifungua mlango ambao jina la pikipiki liliufunga? Majibu ya maswali hayo yamo katika historia ndefu, nayo yafaa ijulikane na kila kijana aliye na chombo kikuukuu na mfuko mwepesi.

Tuanze na kazi ya beringi yenyewe. Vitu viwili vikisuguana hutoa joto, na kila kimoja humla mwenziwe. Sugua viganja vyako kwa nguvu, utaona. Gurudumu la pikipiki huzunguka juu ya ekseli isiyozunguka, na juu yake umelala uzito wa chombo, wa mwendeshaji na wa mzigo. Lau chuma cha gurudumu kingesugua moja kwa moja chuma cha ekseli, vingeungua na kulika upesi. Kwa hiyo kati yao huwekwa pete mbili, moja ndani ya nyingine. Pete ya ndani hukaa juu ya ekseli, na ya nje hukaa ndani ya kitovu cha gurudumu. Kila pete imechimbwa mfereji, na ndani ya mifereji hiyo zimo gololi za chuma cha pua, zikitengwa kwa kikalio chembamba zisigongane. Gurudumu linapozunguka, gololi hubiringika. Nako kubiringika ni kwepesi kuliko kuburura, kama ajuavyo mtu yeyote aliyewahi kuvuta mashua ufukoni juu ya magogo.

Wazo hilo ni la kale mno. Katika ziwa dogo la Nemi, kusini ya mji wa Rumi, zilizama merikebu mbili kubwa za Kaisari Caligula, aliyetawala kutoka mwaka 37 hadi mwaka 41 baada ya Kristo. Kati ya 1928 na 1932 maji ya ziwa hilo yalipunguzwa kwa pampu, merikebu zikaonekana, na miongoni mwa mabaki yake palikuwa na jukwaa la mviringo lililozunguka juu ya gololi za shaba. Merikebu zenyewe ziliteketea kwa moto wakati wa vita, mwaka 1944. Karibu na mwaka 1500 Leonardo da Vinci wa Italia alichora gololi zilizotengwa ili zisigusane. Na mwaka 1794 Philip Vaughan, mfua chuma wa Carmarthen katika nchi ya Wales, alipata hataza, yaani hati ya kumlinda mvumbuzi, kwa ekseli ya gari la farasi iliyozunguka juu ya gololi.

Yamkini utauliza: ikiwa wazo lilijulikana tangu Warumi, mbona magari ya dunia yaliendelea kulia na kuungua kwa karne nyingi? Jibu ni kwamba kujua si kuweza. Beringi haifai kitu ila gololi zake ziwe za mviringo kamili na zilingane. Moja ikizidi wenziwe kwa unene hata kidogo kuliko unywele, hiyo moja hubeba mzigo wa wote, ikavunjika. Na vipande vyake huziharibu zile zilizobaki. Mikono ya sonara yaweza kutengeneza gololi moja nzuri. Kutengeneza elfu moja zinazolingana, na kuziuza kwa bei ya mtu wa kawaida, hilo halikuwezekana.

Aliyeleta haja ya kuliweza hakuwa mfalme wala jemadari. Ilikuwa ni baiskeli. Mpanda baiskeli hana farasi wala injini. Anachopoteza katika msuguano anakilipa kwa jasho la miguu yake mwenyewe. Kwa hiyo waendesha baiskeli walikuwa wa kwanza kuitamani beringi kwa dhati. Tarehe 3 Agosti 1869 Jules Suriray, fundi wa baiskeli wa Paris, alipata hataza ya beringi za gololi kwa ajili ya baiskeli. Miezi mitatu baadaye, tarehe 7 Novemba, yalifanyika mashindano kutoka Paris hadi Rouen, safari ya zaidi ya kilomita 120. Mshindi, Mwingereza James Moore, alipanda baiskeli iliyofungwa beringi hizo, naye alikaa njiani kwa zaidi ya saa 10. Tangu siku hiyo haikuhitajika hoja nyingine.

Bado gololi zilikuwa ghali. Katika mji wa Schweinfurt, nchini Ujerumani, alikuwako fundi aliyeitwa Friedrich Fischer. Mwaka 1883 alibuni mashine iliyosaga gololi nyingi kwa pamoja, zote zikatoka za mviringo na zenye kulingana. Huyo ndiye aliyeishusha beringi kutoka kwa sonara na kuifikisha sokoni. Mji wake mdogo ukawa mji wa beringi, na jina lake hilo, kama utakavyoona punde, liliuletea mji huo mali na maafa pia.

Mwanzoni mwa karne ya ishirini umbo la beringi likakamilika. Robert Conrad alionyesha njia ya kuingiza gololi katika mfereji wenye kina bila kukata pengo katika pete: pete ya ndani husogezwa upande mmoja, gololi zikajazwa katika nafasi iliyobaki, kisha zikagawanywa kuizunguka pete na kushikwa na kikalio. Beringi iliyomo katika gurudumu la mjomba wako ni mjukuu halisi wa ile ya Conrad. Huko Göteborg, nchini Sweden, Sven Wingquist alikuwa mhandisi wa kiwanda cha nguo. Mihimili mirefu iliyoendesha mitambo ya kiwanda ilikuwa ikipinda kidogo kidogo, beringi zikavunjika, na kila iliyovunjika ilisimamisha kazi. Mwaka 1907 alibuni beringi yenye safu mbili za gololi, iliyoweza kujirekebisha mhimili unapopinda, na mwaka huo huo ikaanzishwa kampuni ya SKF ili kuitengeneza. Waona, msomaji, kwamba hata kampuni hiyo kubwa ilizaliwa katika shida ile ile inayokusumbua wewe: beringi imekufa, kazi imesimama, na nyingine yahitajika upesi.

Lakini wingi wa beringi ulileta taabu mpya. Kila kiwanda kilikuwa na vipimo vyake. Bara la Ulaya lilipima kwa milimita. Waingereza na Wamarekani walitumia inchi pia. Taabu hiyo haikuwa ngeni. Zamani kila karakana ilichonga skrubu zake kwa meno yake, hata mwaka 1841 Joseph Whitworth alipowapendekezea mafundi wa Uingereza mfano mmoja wa meno ya skrubu. Kabla ya hapo, aliyepoteza skrubu sharti amrudie aliyeitengeneza. Mtengenezaji akifa, au akipandisha bei, mwenye mashine hana la kufanya. Mnunuzi asiye na pengine pa kwenda amefungwa, hata kama hakuna aliyemfunga kamba.

Vita vya Pili vya Dunia viliufunza ulimwengu jinsi ulivyoitegemea pete hiyo ndogo. Bila beringi hakuna ndege, hakuna kifaru, hakuna lori. Majemadari wa Marekani walijua kwamba sehemu kubwa ya beringi za Ujerumani ilitoka Schweinfurt, mji wa Fischer, wakaupiga kwa mabomu tarehe 17 Agosti 1943, na tena tarehe 14 Oktoba. Katika shambulio hilo la pili ziliruka ndege 291, na 60 kati yake hazikurudi, kila moja ikiwa na watu 10. Nao raia wa mji ule waliangamia pamoja na nyumba zao. Hata hivyo beringi za Ujerumani hazikukoma: viwanda vilitawanywa, akiba ikatumiwa, na nyingine zikanunuliwa Sweden, nchi isiyoingia vitani, iliyowauzia maadui wote wawili. Waingereza nao walizihitaji beringi za Sweden hata wakazisafirisha usiku kutoka Stockholm hadi Uskoti kwa ndege nyepesi ziitwazo Mosquito, zikipita juu ya nchi zilizotekwa na adui. Wanadamu waliziweka roho zao rehani kwa mizigo ya gololi.

Vita vilipokwisha, mataifa yalikuwa yamechoka kwa mengi, na mojawapo lilikuwa vyuma visivyoingiliana. Mwezi wa Oktoba 1946 wajumbe wa nchi 25 walikutana London wakaazimia kuunda shirika la viwango la kimataifa, ambalo lilianza kazi mwaka 1947 na linajulikana kwa jina la ISO. Shirika hilo liliziita kamati zake kwa namba. Kamati ya kwanza ilikuwa ya meno ya skrubu; ya nne ilikuwa ya beringi. Kazi yake haikuwa kumwamuru mtu jinsi ya kuyeyusha chuma. Ilikuwa kukubaliana juu ya mambo matatu: upana wa tundu, kipenyo cha nje, na unene. Yaliyomo kati ya pete na pete kila kiwanda kishindane na wenzake kwa ubora. Lakini mipaka iwe mmoja. Na zile namba zilizozaliwa viwandani kwa ajili ya kutambulisha vipimo hivyo zikawa desturi ya karibu watengenezaji wote wa dunia.

Hebu sasa tujifunze kuisoma lugha hiyo, maana si ngumu. Tutwae 6302. Tarakimu ya kwanza, 6, yasema kwamba hii ni beringi ya gololi yenye mfereji wa kina, ile ya Conrad. Ya pili, 3, yataja kundi la unene: 2 ni nyepesi, 3 ni nzito kuliko hiyo. Mbili za mwisho hutaja tundu. Hapo shika jambo moja: 00 ni milimita 10, 01 ni milimita 12, 02 ni milimita 15, 03 ni milimita 17, na kuanzia 04 zidisha kwa tano. Basi 04 ni 20, 05 ni 25, na kadhalika. Kwa hiyo 6302 ina tundu la milimita 15, kipenyo cha nje cha milimita 42, na unene wa milimita 13. Dada yake 6202 ina tundu lile lile la 15, lakini nje ni 35 na unene ni 11. Ekseli itaingia katika zote mbili. Kitovu kitaikubali moja tu.

Huenda baada ya namba utaona herufi. ZZ, au 2Z, ni kwamba beringi imefunikwa kwa bati pande zote mbili. 2RS ni kwamba imezibwa kwa mpira pande zote mbili, nayo hufaa magurudumu yapitayo katika tope na vumbi. C3 ni kwamba nafasi iliyoachwa kati ya gololi na pete ni kubwa kidogo kuliko ya kawaida, ili chuma kipate pa kutanukia kinapopata joto. Mara nyingi utaiona ndani ya injini. Usizidharau herufi hizo. Iliyotoka ikiwa na C3, inayoingia iwe na C3.

Hapa ndipo penye siri ya bei. Muuzaji wa pikipiki akikuuzia kipuri katika pakiti yenye jina la pikipiki, walipia pete, na walipia pia safari ya pakiti hiyo, ghala ilimolala, na jina lililochapwa juu yake. Lakini kiwanda cha pikipiki aghalabu hakitengenezi beringi zake. Huzinunua kwa watengenezaji wa beringi, kama wanunuavyo wengine. Beringi ya namba hiyo hiyo yaweza kuwa inazunguka katika mota ya umeme, katika pampu ya maji, au katika mashine ya kufulia nguo. Hao wote ni ndugu. Ndiyo maana duka lisilouza pikipiki hata moja laweza kuiponya yako, na ndiyo maana pikipiki iliyoacha kutengenezwa miaka mingi iliyopita haina haja ya kufa pamoja na kiwanda chake.

Walakini si kila chombo kikuukuu kitakujibu kwa milimita. Pikipiki nyingi zilizofika Afrika Mashariki zama za ukoloni zilitoka Uingereza, zikiwa na majina kama BSA, Triumph na Norton, na ndani yake mafundi walikuta beringi za inchi. Mfano mmoja uliotumiwa sana una tundu la inchi 5/8, kipenyo cha nje cha inchi 1 na 9/16, na unene wa inchi 7/16. Kwa milimita kipenyo hicho cha nje ni karibu 39.7. Mtu mwenye haraka angesema, "Hiyo ni sawa na 40," akachukua 6203, yenye tundu la 17, kipenyo cha nje cha 40 na unene wa 12. Haitakaa. Nje itabana mno, na ndani ekseli itapwaya kwa zaidi ya milimita moja. Heri ni kwamba beringi za inchi bado zinatengenezwa, kwa hiyo mwenye subira huzipata.

Wala usikisie kwa bendera ya nchi. Pikipiki ndogo ya BSA iitwayo Bantam, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilinakiliwa kutoka DKW RT 125 ya Ujerumani, ambayo michoro yake ilitwaliwa baada ya vita. Pikipiki hiyo hiyo ya Kijerumani ilinakiliwa pia Marekani na Harley-Davidson, katika Muungano wa Sovieti, na huko Japani, ambako Yamaha iliifuata katika pikipiki yake ya kwanza ya mwaka 1955. Chombo kimoja kilivaa nguo za mataifa mbalimbali. Basi usiulize ni ya nani, pima. Na ikiwa namba imefutika, twaa kipimo cha fundi kinachosoma sehemu za milimita, upime tundu, kipenyo cha nje na unene, uviandike vyote vitatu kabla ya kwenda dukani.

Baada ya Waingereza walikuja Wajapani. Honda Super Cub, iliyotokea mwaka 1958, ilifikisha idadi ya milioni 100 mwaka 2017, nayo haijapata kufikiwa na chombo kingine chochote chenye injini. Kisha zikaja pikipiki za India na China. Nchini Kenya kodi ya thamani iliondolewa mwaka 2008 juu ya pikipiki ndogo, na kazi ya bodaboda, iliyoanza kwa baiskeli katika mpaka wa Kenya na Uganda miaka ya 1960, ikaenea kila kijiji. Hebu tazama mzunguko huo wa historia: baiskeli ndiyo iliyoileta beringi duniani, na baiskeli ndiyo iliyoileta bodaboda. Leo vijana wengi hupata chakula chao juu ya magurudumu mawili. Kwao beringi si kipuri tu. Siku gurudumu lisipozunguka, chungu hakitokoti. Nenda katika barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo zamani iliitwa Grogan, utawaona wakisimama mbele ya maduka ya vipuri, pete iliyokwisha ikiwa mkononi.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo. Lugha ya namba yaweza kusemwa na mwongo pia. Kuchora 6302 juu ya chuma dhaifu hakumgharimu mwizi kitu. Zimo sokoni beringi bandia zenye majina ya viwanda mashuhuri, nazo hufanana na za kweli mpaka siku ya mzigo. Kenya ilianzisha shirika lake la viwango mwaka 1974, na mwaka 2008 ikatunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia. Lakini sheria haisimami kaunta pamoja nawe. Namba hukuambia kwamba beringi itaingia. Haikuambii kwamba itadumu. Kwa hiyo nunua kwa muuzaji anayejulikana na mafundi, na ikiwa jina kubwa linauzwa kwa bei ya ajabu, ogopa. Beringi halali ya kiwanda kisicho na sifa kubwa ni bora kuliko beringi bandia yenye jina tukufu, kwa sababu ya kwanza angalau haikuanza kwa uongo.

Tena utunze ulichokinunua. Kitovu cha gurudumu la pikipiki aghalabu kina beringi mbili. Moja ikifa, ya pili iko karibu, basi zibadilishe zote. Unapoingiza beringi katika kitovu, isukume kwa pete ya nje. Ukiigonga kwa pete ya ndani, nguvu ya nyundo itapita katika gololi na kuacha vishimo katika mfereji, na beringi itakuwa imeharibika kabla ya kutembea hatua moja. Mengi yanayolaumiwa kuwa beringi mbovu ni kazi ya nyundo mbaya.

Sasa turudi kwa mjomba wako na pikipiki yake. Wazee walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini kushika mbacha kwafaa tu ikiwa uzi wa kuushonea wapatikana, na uzi huo ukauzwa kwa bei ya maskini. Hilo ndilo lililoletwa na historia tuliyoisoma. Suriray na Fischer walitengeneza kitu chema. Hata hivyo wangeweza kukiacha kifungwe katika sanduku la kila kiwanda. Waliokifungua ni watu waliokaa mezani, wengi wao wasiojulikana kwa jina, walioacha vita nyuma yao wakabishana juu ya milimita mpaka wakakubaliana. Makubaliano yao hayakujengewa sanamu. Yamechorwa ukingoni mwa pete, kwa tarakimu ndogo, chini ya grisi.

Siku moja utashika mkononi kitu kilichovunjika, na mtu atakuambia kwamba hakina dawa ila kununua kipya. Kabla hujamwamini, kipanguse kwanza, ukielekeze kwenye mwanga, utazame kama kimeandikwa neno. Kuuliza si ujinga. Na aliyeliuliza duka namba badala ya jina aliokoa pikipiki, akaokoa na fedha za unga.